Jalidi Imeunguza, Panga Lisubiri

Kaskazi inapovuma, sisi wa mwambao hulala madirisha wazi na kulilalamikia joto. Miezi hiyo hiyo, Disemba hadi Februari, ndugu zetu walio Kericho na Bomet hujifunika mablanketi mawili, na baadhi ya alfajiri huamka kuswali wakakuta bustani imevaa weupe mfano wa chumvi iliyonyunyizwa. Weupe huo ni jalidi. Wengine huuita sakitu. Jua likichomoza hutoweka kwa muda mfupi, na mwenye shamba akadhani limepita salama. Ifikapo adhuhuri majani yaliyokuwa ya kijani yameanza kugeuka rangi ya shaba, na baada ya siku mbili tatu shamba laonekana kama lililopitiwa na moto.

Tumeonelea tuliandike jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, jamaa za wasomaji wetu wanaofundisha, wanaofanya biashara au walioolewa huko bara wametuuliza wafanyeje na miti waliyoipanda nyumbani na katika viwanja vya misikiti, ambayo imekauka ghafla. Ya pili, riziki ya watu wa Mombasa nayo imo. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kericho na Bomet huteremka kwa malori hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe. Jani lililoungua Januari ni mfuko usiobebwa na mpagazi wa Mombasa wiki chache baadaye.

Jibu letu twalitanguliza ili anayesoma kwa haraka asilikose: mti ulionusurika na baridi waweza kuuawa na panga la mwenyewe. Msiukate, msiung'oe, wala msiumwagie mbolea kabla haujasema wenyewe kama u hai au umekufa. Mengine yaliyo hapa chini ni maelezo ya namna ya kuusikiliza.

Msomaji atauliza: Kericho iko karibu kabisa na ikweta, chini ya nusu nyuzi kusini yake, baridi ya kugandisha maji yatoka wapi? Yatokana na mwinuko. Mashamba mengi ya chai ya huko yako kwenye kimo cha karibu mita 2,000, mengine yakipanda zaidi kuelekea msitu wa Mau, na joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Juu ya hilo, wakati wa kiangazi usiku huwa hauna mawingu wala upepo. Ardhi iliyopata joto mchana hulitoa usiku kuelekea mbinguni, na kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia, jani lililo wazi hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua chaweza kuonyesha nyuzi 3 ilhali nyasi zilizo chini yake zimeganda.

Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji. Hushuka mteremko polepole ikakusanyika mabondeni, kandokando ya mito kama Itare, Kiptiget na Chemosit, au ikatuama nyuma ya ukingo wa miti ulioiziba njia. Mkulima mmoja huamka amepoteza nusu ya chai yake iliyo bondeni, na jirani aliye juu kidogo hakuguswa. Tukiwasikia watu wakisema kwamba ni jicho la mtu, twawaomba watazame mteremko kwanza.

Wala tusichanganye jalidi na mvua ya mawe, ambayo Kericho inasifika kwayo duniani; vitabu vya hali ya hewa hutaja wastani wa siku 132 kwa mwaka. Mawe hupasua na kuvunja, na jeraha lake huonekana papo hapo. Jalidi huua kimyakimya. Hata hivyo pana uhusiano wa ajabu baina ya mambo haya mawili. Mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha mwaka 1982 uchunguzi wao juu ya majani makavu ya chai ya Kenya yaliyoanguka chini, wakaeleza kwamba takataka hizo huwa chanzo cha chembe ndogo mno ambazo maji huzishika na kugandia juu yake. Viko pia vijidudu vinavyoishi juu ya majani ya mimea mingi vyenye uwezo huo huo, na jani lililobeba vijidudu hivyo huganda mapema kuliko jani safi. Subhanallah, kitu kisichoonekana kwa jicho chaamua kama barafu itashika au haitashika.

Ndani ya jani, maji yaliyo baina ya seli ndiyo hutangulia kuganda. Barafu hiyo huyavuta maji yaliyo ndani ya seli, seli zikanywea, na ngozi zake nyembamba zikapasuka. Jua kali la asubuhi likiyayeyusha kwa ghafla, madhara huzidi, na kwa hiyo miti inayotazama mashariki mara nyingi huumia kuliko iliyo kivulini hadi saa tatu. Jani lililofikia hapo halirudi. Lakini jani si mti. Gome, shina na mizizi huwa vimehifadhika zaidi, na udongo wa nchi ile haugandi kufikia mizizi. Swali la pekee lenye maana ni kama mahali pa kuchipukia pamesalimika.

Mchai una bahati katika hili. Kila tawi lake limejaa macho yaliyolala, yanayongoja tu ncha ya juu iondoke ndipo yaamke. Uchumaji wote wa chai umesimama juu ya tabia hiyo. Mwezi Januari 2012 jalidi iliunguza mashamba mengi ya Kericho, Bomet na Nandi, na pamoja na ukame uliofuatana nayo, mavuno ya nchi nzima yalipungua kutoka kilo milioni 378 hivi mwaka 2011 hadi kama milioni 369 mwaka 2012. Mwaka 2013, mvua ziliponyesha vizuri, Kenya ilivuna zaidi ya milioni 430. Hatusemi kwamba kila kichaka kilichoungua kilipona. Twasema kwamba aliyeng'oa Februari kwa hasira alijinyima mavuno ya mwaka uliofuata.

Na hasira hiyo twaielewa. Jalidi huja Januari, mwezi wa karo. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika kiwanda cha Kapkatet, Litein, Mogogosiek au Kapkoros hutegemea malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi ya mwaka iko mbali. Shamba lililoungua laweza kukaa miezi miwili au mitatu bila jani la kuchuma. Katika muda huo hutokea mawaidha ya kila aina: kata yote uuze kuni, panda mikalitusi, tia mbolea mara mbili. Mwenye ndugu aliye katika hali hiyo asingoje Idi kumkumbuka. Karo ya mtoto mmoja iliyotumwa kutoka Mombasa au Malindi yaweza kukiokoa kichaka kilichochukua miaka kukomaa.

Kwa mwenye chai, kazi ya majuma ya kwanza ni kujizuia. Majani makavu yaachwe palepale juu ya kichaka, kwa kuwa yanayafunika matawi yasichomwe na jua na yanayakinga kidogo ikiwa jalidi itarudi, nayo hurudi mara nyingi msimu huo huo. Kupogoa wakati wa kiangazi ni kulivua shamba nguo katikati ya baridi. Baada ya majuma matatu au manne, kwangua gome la tawi kwa ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani chini yake, tawi li hai. Ukikuta rangi ya kahawia na ukavu, shuka chini kidogo ukwangue tena mpaka uupate uhai. Mahali ulipoupata ndipo mkato utakapopita, lakini mkato wenyewe ungoje mvua za Machi zishike. Kichaka kilichoungua ncha tu hakihitaji kisu. Kiachwe kichipue, na raundi za kwanza za kuchuma ziwe nyepesi. Mbolea ya chai, ile ya 26:5:5 waliyoizoea wakulima, nayo ingoje mvua na machipukizi mapya, kwani mti usio na majani hauna wa kuila. Maafisa wa nyanjani wa viwanda hufika mashambani, na Taasisi ya Utafiti wa Chai iko hapo hapo Kericho kwa anayetaka kujua ni aina gani za michai zivumiliazo baridi akipanda upya.

Liko pia jambo la amana. Jani lililoungua, likichumwa likachanganywa na jani zuri ndani ya kapu, huongeza uzito na huharibu chai. Karani wa kituo cha kununulia majani huenda asilione likiwa chini. Wanafunzi wetu wa vyuoni wanakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta unyevu uliokuwa chini yake. Hatuna la kuongeza hapo, ila kwamba shida ya Januari haibadilishi hukumu ya ghushi.

Sasa tuje kwenye mitende na jamii yake, ambayo ndiyo iliyoulizwa zaidi, na ambayo haifanani na mchai hata kidogo. Mti wa jamii hii hauna macho yaliyolala ubavuni mwa shina. Una moyo mmoja tu, uliofichwa kileleni katikati ya makuti, na kila kuti litakalozaliwa hutoka humo. Mkwezi yeyote wa Kilifi ajua kwamba anayekata kilele cha mnazi ameumaliza mnazi. Basi mtu wa Kericho anayeona makuti yote yamekuwa kahawia, akachukua panga na kuusafisha mti mpaka juu ili "upumue", ameuvua moyo huo kinga yake ya mwisho. Makuti yaliyokufa yaachwe hadi baridi ipite kabisa. Kuti lililoungua nusu liachwe vilevile, kwa sababu ile nusu ya kijani ndiyo inayoulisha mti.

Baada ya majuma mawili au matatu, utazame moyo. Lishike kuti changa la katikati, lile linalosimama kama upanga kabla halijafunguka, ulivute kwa upole. Likikaza, mshukuru Mungu na uuache mti. Likichomoka mkononi, na mwisho wake uwe laini, mweusi na wenye harufu mbaya, uozo umeingia. Hata hapo usikate tamaa wala usiufyeke mti. Liondoe lililooza, uache shimo la kileleni likauke kwa hewa na jua, kisha ulimiminie dawa ya ukungu yenye shaba inayouzwa katika maduka ya agroveti, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, watoto wakiwa mbali. Rudia mara moja baada ya siku 10 hadi 14, na uishie hapo. Shaba ikizidi huwa sumu kwa mti wenyewe. Kazi hii yafaa imalizike kabla ya mvua za masika, maana maji ya Kericho yakijaa katika kilele kilichojeruhiwa, huuozesha moyo uliokuwa umenusurika na barafu. Wengine hufunika kilele kwa kipande cha turubai siku za mvua kubwa na kukifunua jua litokapo. Si kazi ngumu kwa mti mfupi.

Baada ya hapo ni kungoja, na muda wake ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kuti jipya laweza kutokea baada ya miezi sita, likiwa fupi, limejikunja au limepauka, na la pili likawa kama hilo. Huo si ugonjwa; makuti hayo yalikuwa yameanza kuumbwa ndani ya moyo usiku ule wa baridi. La tatu au la nne huja na umbo lake. Mwagilia udongo kwa kiasi pindi ukikauka, bila kuugeuza tope. Msikiti wenye bomba la udhu lililo karibu waweza kuyaelekeza maji yake kwenye mashina, yasipotee bure mferejini.

Si kila mti wa jamii hii una nafasi sawa. Mnazi twasema wazi: usipeleke. Hupenda joto kama letu, la nyuzi 27 hivi, na usiku wa Kericho hushuka kuzunguka nyuzi 10 hata pasipo jalidi. Utadumaa miaka kadhaa na baridi moja itaumaliza, nao hauna chipukizi la kando la kuurithi. Mtende wa tende huvumilia baridi kuliko mnazi, na mara nyingi huzaa machipukizi shinani, ila anayetazamia kufuturu kwa tende zake huko juu atangoja sana; tende zahitaji joto kali na ukavu ili ziive. Mtende wa pambo wenye asili ya Visiwa vya Canary huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri ukishakomaa. Areka, ule wenye vishina vingi vyembamba unaopendwa mbele ya nyumba, huungua upesi, lakini shina moja likifa mengine huenda yakasalia.

Bora ya yote, kwa rai yetu, ni mkindu. Mkindu tunaujua sisi: ukindu wake ndio mikeka tunayoswalia na kulalia, ndio makawa na vipepeo. Wachache wetu wanajua kwamba mti huo huo huota kando ya mito ya bara hadi nyanda za juu. Wakipsigis huuita sosiot, na mji mdogo wa Sosiot katika kaunti ya Kericho una jina hilo hilo. Vijiti vyake huchanuliwa ncha vikawa burashi ya kusafishia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Mti ulioishi karne na karne mabondeni humo umekwisha kuizoea baridi yao, na kwa kuwa huota kwa vishina vingi kutoka mzizi mmoja, moyo mmoja ukifa mingine hushika zamu. Bibi aliyezaliwa Lamu akaolewa Bomet hahitaji kuagiza ukindu kwa basi. Auulizie mti kwa majirani zake, kwa jina lao.

Mimea mingine ya bustani twaipitia kwa haraka. Mgomba ulioungua majani waweza kukatwa bila hofu msimu ukipita, kwani uhai wake umo ardhini na watoto watachipuka. Mparachichi uliopukutisha majani huachiwa matawi yake wazi mbele ya jua, na gome lake huungua mara ya pili. Upake chokaa iliyozimuliwa kwa maji, na ukate matawi makavu baadaye, ubichi na ukavu ukishajipambanua. Asmini huonekana imekufa mpaka chini, kisha huchipua kutoka shinani, basi iachwe. Mrehani haurudi. Panda mbegu nyingine katika kopo na uliweke dirishani hadi Machi.

Kwa usiku ujao wa baridi, udongo uliomwagiliwa mchana hushika joto na kulitoa polepole usiku kuliko udongo mkavu. Mimea michanga ifunikwe magharibi kwa gunia au shuka kuukuu iliyoinuliwa kwa vijiti, ifunuliwe jua likipanda. Nailoni ikigusa jani hulidhuru zaidi. Nyasi za kutandaza huhifadhi mizizi, lakini huzuia joto la udongo lisipande, kwa hiyo kwenye michai michanga iliyo bondeni zisogezwe kando miezi hiyo. Moshi wa takataka ambao baadhi ya wazee huutegemea hufaidi macho kulia kuliko mimea. Na anayetaka kupanda upya atembee shambani mwake alfajiri yenye jalidi, atie vijiti mahali weupe ulipoishia. Miti ya baridi ipandwe chini ya mstari huo, na ya joto juu yake, karibu na ukuta wa nyumba uelekeao magharibi.

Mtu aliyeungulia mtende wake mwaka huu aandike tarehe ukutani, kama tuandikavyo tarehe ya mtoto kuzaliwa. Ikiwa moyo umekaza mkononi mwake mwezi wa Februari, asiutie panga kabla ya Septemba.